Popi haioni Dar unayoiona wewe: mji kwa macho (na pua) ya mtoto wa mbwa

Juzi kati tulibishana karibu saa nzima kwenye kibanda cha chips hapa Tabata, na ubishi wenyewe ulianza kwa kitu kidogo tu. Popi wangu, ana miezi minane sasa, alikua kalala chini ya benchi katulia zake, akapita mshkaji wa bodaboda ambaye anamjua vizuri kabisa, kila siku anamkuna kichwa, ila siku hiyo alikua kavaa helmeti. Popi akalipuka. Alibweka mpaka dada mmoja akaangusha kachumbari. Jamaa akavua helmeti akasema "we Popi, si mimi huyu", mbwa akanusa hewa mara mbili tatu, mkia ukaanza kuzunguka kama pangaboi, yakaisha.

Yakaisha kwa mbwa, sio kwa sisi. Mmoja akasema mbwa wa siku hizi mazuzu, anambwekea rafiki alafu mwizi anamchekea. Wa pili akasema hapana, mbwa anaona nyeusi na nyeupe tu kama tivii ya zamani, ndo maana anachanganya watu. Mzee mmoja akasema huyo mbwa kaona kitu ambacho sisi hatukioni, akaangalia juu. Na muuza chips mwenyewe, bila kuacha kugeuza viazi, akatoa dawa: mfungie bandani mchana kutwa na umlishe pilipili, atakua mkali na akili itamkaa sawa.

Mi sio daktari wa mifugo, ila nimemsumbua sana wa kwetu kwa maswali mpaka siku hizi akiona namba yangu nahisi anahema kwanza. Na nilichokuja kukielewa ni kwamba karibu kila tunachokiita ukorofi au uzuzu wa mbwa mdogo kinatokana na jambo moja, yeye na we hamuishi kwenye mji mmoja. Mnakaa nyumba moja ndio, ila mji anaoupata yeye kupitia pua na masikio yake ni mwingine kabisa.

Tuelewane maneno kwanza. Mtoto wa mbwa kwenye kamusi anaitwa kilebu, neno zuri tu ila ukilitaja Kariakoo watu watakuuliza ni aina gani ya mboga. Hapa nikisema mtoto wa mbwa namaanisha mbwa toka anazaliwa mpaka anafikisha kama mwaka. Mbwa koko sio aina ya mbwa, ni mbwa anayezurura hana mwenyewe anayeeleweka, na mbwa wa kienyeji anaweza kua koko au akawa na kwao na chanjo zake zote, kama Popi. Alafu kuna neno kuzoesha, nitalitumia sana: ni kumkutanisha mbwa na vitu vya mji akiwa bado mdogo ili aje avione vya kawaida. Sio kumfundisha kukaa chini na kutoa mkono, hayo ni mambo mengine. Na la mwisho, kubweka na kung'ata ni vitu viwili tofauti, watu wanavichanganya kila siku.

Haya, sasa shuka chini. Yani kweli, siku ukiwa peke yako ndani lala kifudifudi getini uchungulie nje, majirani wasikuone tu. Mbwa wa miezi miwili macho yake yapo kama sentimita 20 hivi kutoka ardhini. Tairi la daladala kwako ni tairi, kwake ni ukuta unaozunguka na unapiga kelele. Watu hawana sura, wana ndala, viatu vya shule, magoti na mifuko inayoning'inia. Moshi wa bodaboda unatoka karibu kabisa na uso wake. Mtaro ambao we unauruka bila hata kuutazama, kwake ni bonde. Popi mara ya kwanza kufika kwenye ule mtaro wa kwetu alikaa kitako akalia, na mi nikamvuta kamba nikidhani ni deko, kumbe mtoto wa watu yuko mbele ya korongo.

Kuhusu rangi, yule jamaa wa nyeusi na nyeupe alikosea ila hakukosea mbali sana. Jicho la binadamu lina aina tatu za chembe zinazopokea rangi, la mbwa lina mbili. Bluu anaiona, njano anaiona, ila nyekundu na kijani kwake vinaangukia kwenye ukahawia ukahawia au kijivu. Ukimrushia mpira mwekundu kwenye majani mabichi alafu ukacheka kwamba haoni mpira uko mbele ya pua yake, ni kama we utafutiwe kifungo cheusi kwenye zulia jeusi. Mnunulie wa bluu. Na bajaji za bluu kwa hiyo anazipata vizuri kuliko zile nyekundu, kama hilo linakusaidia chochote.

Ukali wa kuona nao mdogo. Makadirio ya kawaida ni kwamba kitu ambacho we unakitambua ukiwa mita 23, mbwa inabidi asogee mpaka mita 6 ndo akipate vilevile. Ila anakuzidi sehemu mbili: gizani, na kwenye kitu kinachojongea. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ndo ule unaofanya macho yang'ae ukimmulika na tochi umeme ukikatika, sio uchawi. Na uwanja wake wa kuona ni mpana kuliko wetu, anapata vitu vya pembeni bila kugeuza shingo.

Sasa mrudishe mshkaji wa bodaboda. Popi hamtambui sana kwa sura ya uso kama we unavyomtambua, anamtambua kwa umbo lote la mtu, mwendo, sauti na zaidi ya yote harufu. Helmeti inabadilisha umbo la kichwa, inabana sauti, inaficha uso, na siku hiyo upepo ulikua unatoka kwetu kwenda kwake, harufu haikufika. Kwa taarifa alizonazo Popi, kiumbe chenye kichwa kikubwa kinachong'aa kilikua kinakuja moja kwa moja kwenye chips zetu. Ningekua mimi ningekimbia.

Tukiingia kwenye pua ndo tunaingia kwenye mji wenyewe sasa, na hapa naomba tukae kidogo.

Binadamu ana vipokezi vya harufu kama milioni 5 au 6. Mbwa ana zaidi ya milioni 100, na kuna aina zinafika milioni 300. Namba hizi kubwa huwa haziingii akilini kirahisi kwa hiyo fikiria hivi: we ukipita kwa mama ntilie saa sita mchana unasikia harufu ya pilau, basi, unasema leo pilau. Mbwa anapata mchele peke yake, nyama peke yake, vitunguu, bizari, mkaa, sabuni iliyooshea sufuria, mkono wa mama mwenyewe, na paka aliyepita chini ya meza asubuhi. Vyote kwa wakati mmoja na havichanganyikani, kama we unavyoweza kuangalia meza ukaona sahani, kijiko na glasi bila kuviona kama uji mmoja.

Na pua yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Angalia pembeni ya tundu za pua za mbwa, kuna mikato midogo. Anavyotoa pumzi hewa inatokea huko pembeni, kwa hiyo haipulizi harufu mpya iliyoko mbele, inasaidia hata kuivuta. Akinusa kwa bidii anavuta kama mara 5 kwa sekunde. Juu ya mdomo ndani kuna kiungo kingine kabisa cha kusoma harufu za mwili za wanyama wenzie, kile ambacho sisi tumebaki nacho jina tu.

Ndo maana ya nguzo ya umeme. Kila mtu anayetembeza mbwa anajua hasira ya kusimama dakika tatu kwenye nguzo moja huku jua linapiga. Lakini hebu itazame hiyo nguzo. Juu, kwenye usawa wa macho yako, kuna karatasi za mganga kutoka Sumbawanga anarudisha mpenzi na mali zilizopotea, kuna fundi friji, kuna chumba kinapangishwa hakuna dalali (dalali yupo). Chini, kwenye usawa wa pua ya mbwa, kuna matangazo mengine yameandikwa kwa mkojo: huyu ni dume, huyu jike na yuko kwenye joto, huyu kapita jana, huyu kapita sasa hivi, huyu anaumwa, huyu simjui. Ukimvuta kamba kila akisimama unafanya kama mtu anayekupokonya simu kila ukifungua meseji. Daktari wetu aliniambia matembezi ya dakika 20 ya kunusa nusa taratibu yanamchosha mtoto wa mbwa vizuri kuliko kumkimbiza kilomita, nikabisha, nikajaribu, jioni mbwa alilala kama gunia. Toka siku hiyo sikimbii tena, sababu nilikua naitafuta.

Kuna jambo jingine la pua ambalo kwangu lilikua geni. Harufu ina muda ndani yake. Harufu kali ni ya sasa, iliyofifia ni ya zamani. Kwa hiyo mbwa akiwa kwenye kona ya mtaa anapata nani yupo, na pia nani alikuwepo, na ikiwa upepo unakuja kwake anapata na nani anakaribia. Sisi tunaona mtaa kama picha, yeye anaupata kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Mvua kubwa ya masika ikinyesha inafuta karibu kila kitu, na siku ya pili asubuhi utaona mbwa wote wa mtaa wana kazi nyingi ya kuandika upya.

Masikio tupite haraka kidogo. Sauti ni mitetemo, na sikio letu linaishia kama mitetemo 20,000 kwa sekunde, la mbwa linafika kama 45,000. Kwa hiyo ule mlio mwembamba wa vifaa vya umeme na wa panya darini vinaweza kua sauti kwake na kwako kimya. Panya wanaongea kwa sauti ambazo sisi hatuzisikii kabisa, mbwa anazisikia. Akikaza macho kwenye dari saa nane usiku nywele za mgongo zimesimama, kabla hujaanza kusoma dua angalia kwanza kama una panya. Kuhusu mashetani na mbwa kulia usiku, najua kuna mapokeo ya dini yanayozungumzia hilo na hayo nawaachia masheikh wenye elimu yake, mi naongelea zile sababu za kawaida tu: mbwa anaitika sauti ndefu zinazovutwa kwa sababu inafanana na sauti ya mbwa mwenzie anayeita kutoka mbali. King'ora cha gari la wagonjwa, honi ya treni, hata adhana. Sio kwamba anakejeli wala hana tatizo na mtu. Anaitika, kama we ukisikia hodi.

Ila kelele za Dar kwa mbwa mdogo sio mchezo. Jenereta la saluni, grainda ya fundi wa mageti, gari la matangazo, yule wa chuma chakavu na spika yake inayorudia sentensi moja mpaka unaiota, alafu tarehe 31 Desemba saa sita usiku fataki. We unajua ni mwaka mpya. Yeye hajui kalenda, kwake ni mbingu inapasuka bila sababu. Mbwa wengi wanaopotea siku hiyo wanakua wameruka ukuta kwa hofu.

Na hapo tunafika kwenye fundo lenyewe, maana hofu ina umri.

Mtoto wa mbwa anazaliwa kipofu na kiziwi. Macho yanafunguka kwenye siku ya 10 mpaka 14, masikio baada ya hapo kidogo. Kuanzia kama wiki ya 3 mpaka wiki ya 12 au 14 ubongo wake uko wazi kama daftari jipya, chochote atakachokutana nacho kwa amani kipindi hicho anakiandika kwenye orodha ya vitu vya kawaida. Baada ya hapo daftari halifungwi kabisa ila linakua gumu kuandikika, na kitu kipya kinaanza kua cha hatari mpaka kithibitike vinginevyo. Hili sio la kubuni, watafiti huko Maine, Marekani, walilichunguza kwa miaka, na mwaka 1961 ilichapishwa kazi moja iliyoonyesha watoto wa mbwa waliokaa mpaka wiki ya 14 bila kuguswa na binadamu walivyokua kama wanyama wa porini, hawafikiki. Wahenga wetu walishasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hawakujua tu kwamba kwa mbwa malezi yenyewe yana tarehe ya mwisho.

Sasa fundo liko wapi? Liko hapa. Kipindi hicho hicho ambacho inabidi aujue mji ndo kipindi ambacho mji unaweza kumuua. Kinga aliyonyonya kwa mama inaisha taratibu, chanjo bado hazijakamilika, na kuna ugonjwa unaitwa parvo, wa kuhara damu na kutapika, ambao virusi wake wanakaa kwenye udongo kwa miezi na unaweza kuwaleta nyumbani kwa viatu vyako. Chanjo zake zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe kama wiki 16. Piga hesabu: chanjo zinakamilika wiki ya 16, daftari linaanza kua gumu wiki ya 12. Kwa hiyo mtu mmoja anamfungia ndani mpaka chanjo ziishe, anapata mbwa mzima wa afya anayeogopa kila kitu mpaka ndoo. Mwingine anamwachia mtaani toka siku ya kwanza, anapata mbwa jasiri kwa wiki mbili alafu anamzika. Na wote wawili wanakuja kwenye kibanda cha chips kusema mbwa wa siku hizi wabovu.

Jibu ni rahisi mpaka linaudhi: mbebe. Ugonjwa uko chini ardhini na kwenye vinyesi vya mbwa wengine, kuona na kusikia na kunusa hewa hakuhitaji miguu chini. Popi nilikua nambeba kwenye kapu la sokoni, lile la ukindu, natandika kanga ya zamani, tunakaa karibu na kijiwe cha bodaboda dakika kumi tunaangalia tu. Watu walinicheka, mama mmoja akaniuliza hilo kapu lina kuku gani anachungulia hivyo. Kesho yake dukani kwa Mpemba. Keshokutwa tunasikiliza mashine ya kusaga kutoka mbali, siku nyingine karibu kidogo. Watoto wa shule wakimgusa namuomba wamguse mmoja mmoja, wakimzunguka kumi ni mkutano wa hadhara sio kuzoesha. Na kitu kimoja nilisahau, bila kujua nilisahau kabisa, ni helmeti. Mshkaji wa bodaboda alikua akija kijiweni anaivua kwanza. Kwa hiyo Popi anazo bodaboda kwenye daftari lake, anao madereva, hana watu wenye helmeti. Kile mlichokiona kibandani ni ukurasa niliouruka mimi.

Na kuharibu je? Mbona anatafuna ndala, mbona anakojoa sebuleni alafu anainamisha kichwa, si anajua kakosea?

Ndala ni meno. Ana meno 28 ya utoto, kuanzia kama mwezi wa 4 yanaanza kutoka yanaingia 42 ya ukubwa, mpaka mwezi wa 7 hivi mdomo mzima unawasha. Ndala ni laini, inarudi ukiibana, na ina harufu yako wewe kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Ficha ndala, mpe kitu chake cha kutafuna, basi. Ila sio mifupa ya kuku iliyopikwa, hiyo inavunjika vipande vikali kama sindano. Na vitunguu, chokoleti na zabibu kavu zile za kwenye pilau ni sumu kwake, hata akikuangalia kwa yale macho.

Lile la kuinamisha kichwa lilishapimwa. Mwaka 2009 mtafiti wa New York, Alexandra Horowitz, aliweka mtego wa kitamu mezani na wenye mbwa wakatoka nje, wakirudi wengine wanaambiwa mbwa wako kala wengine hajala, na si mara zote waliambiwa ukweli. Ile sura ya "nimekosa baba" haikufuata nani kala, ilifuata nani anagombezwa. Hata mbwa asiye na hatia akigombezwa aliinama, tena wasio na hatia ndo waliinama zaidi. Kwa hiyo Popi akiinama hasemi nimekosa, anasema naona umekasirika, naomba yaishe. Kumrudisha kwenye mkojo wa saa moja iliyopita ukamsugua pua kunamfundisha kitu kimoja tu, kwamba we ukirudi kutoka kazini huwa unaweza kua hatari. Kibofu cha mbwa wa miezi miwili hakishiki zaidi ya saa mbili tatu, foleni ya Buguruni peke yake inazidi hapo. Mtoe akiamka, akila, akicheza, akipatia msifie pale pale ndani ya sekunde, sio baadae.

Mkia nao umesingiziwa mengi. Mkia unaotikisika sio lazima furaha, ni msisimko tu, kama mtu anayeongea kwa sauti, anaweza kua anashangilia au anagombana. Uliolegea na kiuno kinacheza nao, hiyo ni furaha. Ulio juu, umekakamaa, unatetemeka haraka haraka, ondoka hapo taratibu. Watafiti wa mji wa Bari, Italia, mwaka 2007 waligundua hata kwamba mbwa akimuona mwenyewe mkia unaegemea zaidi kulia, akiona mbwa mgeni wa kutisha unaegemea kushoto. Mi nimejaribu kuangalia kwa Popi nikaambulia kizunguzungu.

Nirudi kwa muuza chips na pilipili zake, maana dawa hii imesambaa sana, kuna wanaosema bangi, wengine nyigu. Pilipili inamuunguza tumbo, anahara, anakosa usingizi. Mbwa mwenye maumivu anaweza kung'ata ndio, hata wewe ukiumwa jino unajibu watu vibaya, ila huo sio ulinzi. Na hii ya kumfungia bandani mchana kutwa asione mtu ndo mbaya zaidi, kwa sababu umeshaona habari ya daftari: unamtengenezea mbwa ambaye kwake kila binadamu ni mgeni, akiwemo mtoto wa dada yako aliyekuja likizo kutoka Singida. Mlinzi anayepuliza filimbi kwa kila mpita njia baada ya siku tatu hakuna anayeamka. Mbwa aliyezoea muuza maji, mzoa taka, jirani na bodaboda ndo anaweza kujua kwamba miguu hii inayotembea kwa kunyata saa tisa usiku nyuma ya tenki sio ya kawaida. Lazima ujue kawaida kwanza ndo ujue isiyo ya kawaida. Isitoshe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama toka mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa, hata kama ni wako.

Kuna la majirani pia na hili linataka heshima. Jirani yangu wa upande wa kulia ni Muislamu, na kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndo wengi wanayafuata huku pwani, mate ya mbwa ni najisi, yakigusa chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa madhehebu ya Maliki hukumu yake ni tofauti, ila mimi sio wa kwenda kumhutubia mtu mzima barazani kwake. Mwanzo nilidhani anamchukia Popi, kumbe kumwepuka na kumchukia ni vitu viwili. Ni yeye aliyenigongea dirisha siku Popi alivyokwama kwenye mtaro, na ye ndo huwa anamwekea maji kwenye kopo la peke yake jua likizidi, anasema kiumbe ana kiu. Mi kazi yangu ni kufupisha kamba tukipita kwake na kuzoa kinyesi.

Na kichaa cha mbwa, kwa sababu nikiacha hili mtanilaumu. Ni virusi, sio hasira wala jua kali wala mwezi mpevu. Kwa makadirio kinaua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na watoto ni wengi mno humo. Dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ya kumkinga mtu aliyeng'atwa ipo toka enzi za Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, mwaka 1885, kwa hiyo aking'atwa mtu osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, sio kitunguu, sio mafuta ya taa, sio nywele za huyo mbwa, alafu hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda kidogo. Mbwa mwenyewe achanjwe akifika miezi mitatu na arudiwe kama daktari atakavyokuambia. Popi kadi yake nimeipiga picha ipo kwenye simu, naionyesha watu bila kuombwa, kama picha za mtoto.

Helmeti tunaifanyia kazi. Mshkaji kaniazima ya zamani, imekaa sebuleni wiki nzima karibu na bakuli lake la ugali na dagaa. Siku ya kwanza aliizunguka kwa mbali, siku ya tatu akalamba kioo, sa hivi akiniona nimeivaa anapiga miayo.

Jumamosi nikaona niweke na kibao getini kama wengine, MBWA MKALI, fundi alichora kwa rangi nyekundu nzuri tu, rangi ambayo mwenyewe mbwa haioni vizuri. Tukakiegesha ukutani rangi ikauke. Popi akaja, akakinusa kuanzia kona ya kwanza mpaka ya mwisho taratibu kabisa kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba, akazunguka, akainua mguu, akaweka sahihi yake chini ya herufi ya mwisho.

Fundi kasema ile rangi haitoki kwa maji, labda kwa petroli. Kimebaki hivyo hivyo.